Je, Wajua? Vumbi lisiloonekana sasa linapimwa papo hapo

Jirani na Merrylands, magharibi mwa Sydney, ziko karakana na viwanda vya Smithfield na Wetherill Park. Jiwe, zege au tofali likikatwa, hutoka vumbi la silika. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa macho, na silikosisi, ugonjwa unaoletwa nazo, haina tiba.

Ili kupima vumbi hilo, kwa kawaida mfanyakazi huvaa pampu ndogo kiunoni na kichujio karibu na kola, kisha kichujio hupelekwa maabara. Majibu yakirudi siku kadhaa baadaye, vumbi limeshavutwa! Ndiyo maana kituo cha afya na usalama kazini cha serikali ya jimbo la New South Wales kilishirikiana na kampuni ya Trolex ya Uingereza kuunda Air XS, kifaa kinachomulika hewa kwa leza na kutambua silika mashine ikiwa bado inanguruma. Kiwango kikipanda, msimamizi anaweza kusimamisha kazi hapo hapo.

Kwa mawe bandia ya meza za jikoni, ambayo silika yake yaweza kuzidi asilimia 90, Australia haikutaka kubahatisha: iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, ikiwa nchi ya kwanza duniani.