Mayai ya Kimamba ndani ya bahasha

Anayetaka kufuga kikande, samaki wa baharini, nyumbani kwake Mikumi aanze kwa kupiga hesabu ya chumvi. Tangi la lita 400, ambalo kwa kikande aliyekomaa bado ni dogo, linameza kilo 14 siku ya kwanza, maana kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35. Akibadili sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, kama wafugaji wengi wanavyofanya, ataongeza kilo 1.4 kila mara, zaidi ya kilo 70 kwa mwaka. Chumvi ya mboga haifai. Inatakiwa ile iliyochanganywa kalsiamu, magnesiamu na madini mengine kwa kipimo cha bahari, nayo huagizwa kutoka nje. Kuchota maji Dar es Salaam na kuyapandisha karibu kilomita 300 kwa barabara ya Tanzam ni gharama ambayo hakuna samaki atakayeirudisha.

Umeme nao unadai chake. Kuna pampu, taa, mashine ya kukusanya uchafu kwa povu, na kipoza maji, kwa sababu joto la bonde la Mkata halina urafiki na matumbawe. Vyote vikila wati 300 kwa wastani, usiku na mchana, mita itasoma uniti 216 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi 63,000. Na umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, asubuhi mfugaji anaweza kukuta tangi zima limekufa.

Nimeanza na kikande kwa sababu ndiye samaki anayewavutia watu wanaoingia kwenye ufugaji huu. Ana akili, humtambua anayemlisha, na rangi zake zinashindana na khanga. Akitishwa hujipenyeza kwenye mwanya wa jiwe na kuusimamisha mwiba wake wa kwanza wa mgongoni. Mwiba wa pili huufunga kama komeo, na hapo hata mkono wa mvuvi haumtoi. Lakini meno yake yameumbwa kuvunja magamba. Kwenye tangi la matumbawe atakula kaa, kamba na konokono waliowekwa kusafisha, atasukuma mawe, atang'ata mabomba. Wanaovumilika zaidi humo ni wale wanaokula vijidudu vinavyoelea, kama kikande mweusi mwenye meno mekundu, Odonus niger, anayeonekana kwa makundi kwenye miamba ya pwani yetu. Hata kumsafirisha kikande ni shida, maana ana uwezo wa kuutoboa mfuko wa plastiki njiani.

Kwa nini basi kuna biashara ya samaki hawa? Ripoti ya UNEP-WCMC, kituo cha uhifadhi cha Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2003 kuhusu biashara ya viumbe wa matangi ya baharini ilikadiria kuwa samaki milioni 20 hadi 24 huuzwa kila mwaka duniani. Ilitoa pia mfano ambao wafanyabiashara wa samaki wangepaswa kuukariri. Mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo kutoka Maldives ilikuwa na thamani ya karibu dola 500 za Marekani, wakati kilo ya samaki wa miamba wa kuliwa ilikuwa dola 6 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya Kenya ijenge biashara hii tangu miaka ya 1970, huku wavuvi wa sehemu kama Shimoni na Kanamai wakizamia na nyavu ndogo kuwatafutia samaki wauzaji wa nje.

Ila kikande anayetolewa baharini huacha deni nyuma. Utafiti wa miaka mingi wa Tim McClanahan na wenzake kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, Balistapus undulatus, ni mmoja wa walaji wakuu wa urchini, wale viumbe wa miiba wanaochoma miguu ya waogeleaji. Akipungua yeye, urchini huongezeka na kuuguguna mwamba mpaka unadhoofika. Mnunuzi wa London amelipia samaki mmoja. Hasara ya mwamba inabaki kwa kijiji cha mvuvi.

Sasa tugeuze macho yatazame bara, maana wilaya ya Kilosa, ambamo Mikumi imo, haina haja ya kuionea pwani wivu.

Kilomita chache mashariki ya mji wa Kilosa, kwenye Reli ya Kati, iko Kimamba. Watanzania wengi wanaijua kwa mashamba ya mkonge. Lakini kuna watu Ulaya na Marekani ambao hawajui mkonge ni nini, na jina la Kimamba wanaliandika kwa mkono kila mara kwenye vifuko vyao vya mayai ya samaki. Samaki huyo ni Nothobranchius steinforti, aliyeelezwa kitaalamu na Mholanzi Ruud Wildekamp mwaka 1977 kutokana na samaki waliokusanywa eneo la Kimamba, katika bonde la mto Wami. Ni mdogo, urefu wake ni sentimita 5 hivi. Jike ni wa rangi ya udongo. Dume amepakwa rangi ambazo mtu angedhani ni za kwenye matumbawe.

Maisha yake ndiyo yanayombeba kibiashara. Anaishi kwenye madimbwi ya msimu, yale yanayojaa mvua zikinyesha juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi na kukauka jua likikaza. Kabla dimbwi halijakauka, jike na dume huwa wameshazika mayai kwenye tope. Wazazi hufa. Mayai hubaki ndani ya udongo unaopasuka nyufa, yakiwa yamesimamisha ukuaji wake, mpaka mvua za msimu mwingine ziyaamshe. Vifaranga hukua kwa wiki chache tu na kuanza kutaga, kwa sababu muda wa maji ni mfupi. Ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Nothobranchius furzeri, amekuwa samaki wa maabara kwa wanasayansi wanaochunguza uzee, kwa kuwa anazaliwa, anazeeka na kufa ndani ya miezi.

Mfugaji huiga dimbwi hilo. Huweka bakuli la mboji au vumbi la makumbi ya nazi chini ya tangi, samaki hutaga humo, kisha huichuja mboji, huikausha mpaka ibaki na unyevunyevu, huifunga kwenye kifuko, na kuandika aina, mahali pa asili na tarehe. Baada ya miezi kadhaa, muda ukitegemea aina na joto, huimwagia mboji maji na vifaranga hutoka. Katikati ya siku hizo kifuko kinaweza kuvuka bahari ndani ya bahasha, bila oksijeni na bila sanduku la ndege.

Na gharama? Tangi la lita 20, maji yasiyo na chumvi, na pampu ndogo ya hewa ya wati 5. Umeme wake kwa mwezi ni uniti 3.6, kama shilingi 1,050 kwa bei ile ile. Chakula cha samaki wakubwa kinaweza kuwa viluwiluwi vya mbu, na hivyo Kilosa inavyo vya kutosha. Kazi ngumu ni vifaranga, ambao wanataka chakula hai kidogo mno katika siku za mwanzo. Hapo ndipo ustadi unapolipa, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Swali linaloniuma ni moja. Samaki huyu amekuwa akifugwa na kuuzwa ng'ambo kwa karibu nusu karne, na Kimamba imepata nini? Waliondoka wachache ndani ya mfuko, wakazaliana huko, na mayai ya wajukuu wao ndiyo yanayobadilishwa leo. Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi zenye asili ya viumbe zigawiwe faida, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014. Mlango ulikuwa umebaki wazi muda mrefu. Katika samaki wa mapambo wa maji baridi karibu asilimia 90 huzalishwa mashambani, kwa hiyo pesa humfuata anayezalisha. Mwenye dimbwi hapati kitu.

Nisimdanganye msomaji kwamba Kilosa itatajirika kwa mayai ya samaki. Soko ni la watu wachache, wanaojuana, wenye kupenda kubadilishana kuliko kununua. Lakini kipo kitu ambacho mfugaji wa ng'ambo hawezi kukitengeneza: damu mpya kutoka dimbwi la asili, yenye hati halali. Koo zilizozalishwa ndani ya matangi kwa miongo mingi huchoka. Kikundi cha vijana wa Kimamba chenye leseni ya uvuvi, kinachokusanya jozi chache msimu wa mvua na kuuza mayai badala ya samaki, kingekuwa na bidhaa isiyo na mshindani. Elimu haiko mbali. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro mjini, na kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Kingolwira, kinachojulikana kwa vifaranga vya perege na kambare, kiko mkoa huo huo.

Tena soko la nyumbani lisisahauliwe. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na wageni wake hulala kwenye hoteli za mji wa Mikumi. Treni ya SGR nayo tangu 2024 inasimama Kilosa. Tangi moja la samaki wa Kimamba kwenye baraza ya hoteli, na kijana wa kueleza kwa nini mayai yake hulala ardhini, ningelilipia kulitazama kuliko kikande aliyeletwa kutoka mbali na kufungiwa kwenye maji ya chumvi ya mfukoni.

Ila haya yote yanasimama juu ya dimbwi, na dimbwi halina mtetezi. Mara nyingi ni shimo la kando ya barabara palipochimbwa udongo, au kona ya jaruba la mpunga. Halina jina kwenye ramani ya kijiji. Mwezi wa tisa, likiwa kavu kabisa, anayelipita huona ardhi tupu, na akipata tipa la kifusi hulijaza pale pale, bila kujua kuwa chini ya nyufa zile kizazi kizima kinasubiri mvua.