Yule Mume wa Zamani Tumfanyeje?

Kila mhariri ana ugonjwa wake. Wangu ni huu: nikipewa mswada wa mapenzi baina ya wanawake wawili, na mmoja wao aliwahi kuwa na mume, sianzi na busu. Natafuta kwanza pale mume anapotajwa. Mara nyingi namkuta ni mlevi, au mpiga mke, au kivuli tu kisicho na jina wala kazi, kimeletwa ili tuelewe kwa nini mwanamke huyu "hatimaye" amempenda mwanamke mwenzake. Hapo najua mwandishi kamkimbia mhusika wake mwenyewe.

Kuna hadithi mbili ambazo kwa mbali hufanana. Moja ni ya mwanamke ambaye hakuwahi kuvutiwa na wanaume, akaolewa kwa kusukumwa na mama, dini na majirani. Chinelo Okparanta aliiandika vizuri mno mwaka 2015 katika Under the Udala Trees: Ijeoma, binti wa Nigeria, anaolewa na Chibundu waliyejuana tangu utotoni, na ndoa inambana mpaka anaondoka. Nyingine ni ya mwanamke aliyempenda mumewe kweli, mambo yakaisha kama mambo yanavyoishaga, na leo anampenda mwanamke, kweli vilevile. Huyu wa pili ndiye anayependa jinsia zote mbili. Ukimwandika kwa kalamu ya yule wa kwanza, hata kama nia yako ni njema, umemfuta.

Tabia ya kumfuta ina asili yake, na kwa kiasi kikubwa asili hiyo ni posta. Mwaka 1952 kampuni ya Gold Medal Books ya Marekani ilitoa Spring Fire, riwaya ya bei nafuu ya Marijane Meaker aliyejiita Vin Packer. Mhariri wake alimweleza mapema kwamba vitabu husafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wangeweza kuvizuia kama wangeona mapenzi ya wanawake yanaishia vizuri. Basi mmoja wa wasichana wawili wanaopendana katika riwaya hiyo akarukwa na akili, na mwenzake akagundua kwamba, kumbe, hakumpenda kamwe. Kitabu kiliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Sasa fikiria kazi aliyokuwa nayo mwandishi wa wakati ule. Lazima mapenzi yavunjike, na lazima awepo mtu wa kuyavunja. Nani wa kubebeshwa mzigo huo? Yule mwenye njia ya kurudia, bila shaka. Katika Odd Girl Out ya Ann Bannon, 1957, Laura na Beth wanapendana chuoni na wanapanga kuondoka pamoja; mwisho Beth anabaki na Charlie, na Laura anapanda treni peke yake. Mwanamke anayeweza kumpenda mwanamume akawa ndiye mlango wa kutokea hadithi. Wakaguzi wa posta wakaridhika. Wasomaji wakajifunza kwamba mtu wa namna hii ni ndumilakuwili: muda wowote atakuacha kituoni.

Wakaguzi walishaacha kazi hiyo, lakini hofu imebaki kwenye miswada. Siku hizi hadithi za mapenzi baina ya wanawake huisha kwa furaha, ndiyo sheria ya aina hii ya fasihi, na waandishi wengi wanaona njia pekee ya kumtuliza msomaji ni kuhakikisha kwamba yule mwanamume hakupendwa asilani. Mlango ule wanaupiga misumari. Mimi naona ni kosa lilelile, ila limevaa nguo za sherehe.

Tazama alivyofanya Taylor Jenkins Reid katika The Seven Husbands of Evelyn Hugo, 2017. Evelyn ni nyota wa Hollywood aliyeolewa mara saba, na penzi kubwa la maisha yake ni mwigizaji mwenzake, Celia St. James. Mwandishi wa habari anayeandika maisha yake anapomwita msagaji, kwa maana ya mwanamke apendaye wanawake tu, Evelyn anamsahihisha papo hapo. Don Adler, mumewe wa pili, alimpiga. Hata hivyo Evelyn hakatai kwamba mwanzoni alimpenda. Hilo ndilo gumu, na ndilo linalomfanya awe mtu. Celia naye anaona wivu, anaogopa, anasema maneno ya kuumiza. Mwandishi haoneshi kwamba Celia ana haki ya kushuku kwa sababu tu ya asili ya Evelyn. Wivu umeachwa uwe wa Celia.

Wapo wanaouliza: kama sasa yuko na mwanamke, na ametulia, kwa nini tuendelee kumwita mwenye kupenda wote? Mtu aliyezaliwa Machakos akaishi Dar es Salaam miaka 20, akisema Kiswahili toka asubuhi hadi usiku, hajaacha kujua Kikamba. Wala hakuna anayedhani kwamba ili kuthibitisha anajua lugha mbili lazima azungumze zote kwa wakati mmoja. Wapo waandishi ambao hawawezi kumtambulisha mhusika wa aina hii bila kumpa usaliti au kitanda cha watu watatu.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na sijaona ukizungumzwa sana. Mwandishi wa Kiingereza akimtaja aliyemwacha shujaa wake, kwa kawaida kiwakilishi kinamfichua: mwanamke au mwanamume. Kwetu "aliniacha" haisemi kitu. "Mpenzi wangu wa zamani" pia haisemi kitu. Pazia hili ni tamu, na limewaponza wengi: sura tatu nzima mpenzi wa zamani hana jinsia, kisha katika sura ya nne, wakati penzi jipya limekolea, tunaambiwa kumbe alikuwa mwanamume! Historia ya kawaida ya mtu imegeuzwa fumanizi. Mfasiri ana shida ya upande wa pili: asipoongeza jina au neno moja, msomaji wa Kiswahili hatajua kamwe jambo ambalo msomaji wa Kiingereza alilijua ukurasa wa kwanza.

Dawa ni kumtaja mapema, na kumtaja kikawaida. Nilipata mswada wenye sentensi hii: "Miaka yote ile na Daudi ilikuwa giza; kwako ndipo nilipoona mwanga." Nilimwandikia mwandishi pembeni: Daudi alikuwa anafanya nini jioni? Akarudi na hii: "Daudi alikuwa akinimenyea machungwa kwa duru moja bila ganda kukatika. Nilimpenda. Tulikuja kuchokana Mwanza, mwaka wa mvua nyingi." Baada ya hapo mpenzi mpya, Rehema, aliponyoosha mkono na kuchukua chungwa mezani, ukurasa mzima ulipata joto. Hakuna aliyetiwa aibu, na hakuna aliyeshukiwa.

Ukitaka mfano wa mume wa zamani, au baba wa mtoto, aliyeachwa hai bila kuwa tishio, soma Delilah Green Doesn't Care ya Ashley Herring Blake, 2022. Claire anapenda jinsia zote mbili, ana duka la vitabu na binti, Ruby, aliyemzaa na Josh. Josh anamsumbua kwelikweli: anaahidi halafu hatokei. Lakini anasumbua kama mzazi asiyeaminika, jambo ambalo wanawake wengi wanalijua bila kuhitaji maelezo.

Bannon mwenyewe alirudi kwa Beth. Journey to a Woman, 1960, inamwonesha akimwacha Charlie na watoto wao wawili na kwenda kumtafuta Laura. Miaka mitatu baada ya kile kituo cha treni, mwandishi aliona bado ana deni kwa yule aliyembebesha mzigo.

Kwa hiyo nawaomba wenye miswada mezani: tafuteni pahali yule mwanamume anapotajwa kwa mara ya mwisho. Isomeni aya hiyo peke yake, kwa sauti. Kama hamumtambui, rudini mkamwandike upya kabla ya kuniletea.