Mtoto Mlemavu na Daftari la Serikali

Askari aliyeumia vitani ana jeshi la kumsemea. Jina lake limo daftarini, jeraha lake limeandikwa na daktari, na kikosi chake chajua alipoumia. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu huko Mahoko, katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu, hana kikosi. Ana wazazi wake tu. Nao wasipomtaja, hapana atakayemtaja.

Sheria zenyewe hazikumsahau. Tarehe 20 Januari 2007 Rwanda ilipata sheria mbili zenye namba zinazofuatana: ya kwanza yahusu ulinzi wa watu wenye ulemavu kwa jumla, na ya pili yahusu wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani. Mwaka 2008 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2011 likaundwa Baraza la Taifa la kusimamia mambo yao. Basi mzazi aendaye ofisini kwa ajili ya mtoto wake haombi sadaka, anafuata haki.

Hata hivyo, yafaa ieleweke msaada huo hutolewaje. Mpango ujulikanao kwa jina la VUP ulianza mwaka 2008 katika sekta 30, moja katika kila wilaya, kisha ukapanuliwa. Fedha zake hazielekezwi kwa mtoto peke yake, bali kwa kaya: kaya maskini yenye nguvu hupewa kazi za ujira, na ile isiyo na mtu awezaye kufanya kazi hupewa msaada wa moja kwa moja. Kwa hiyo maswali ni mawili: ulemavu wa mtoto ni wa kiasi gani, na hali ya kaya yake ni ipi? Jibu moja halitoshi. Ulemavu usipoandikwa, mama huweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kushika jembe kutwa nzima, ingawa hawezi kumwacha mwanawe hata saa moja.

Hatua zenyewe zinafuatana. Kwanza ni kuandikisha uzazi, jambo ambalo tangu Agosti 2020 hufanyika hata katika vituo vya afya. Pili ni kuthibitisha ulemavu. Amri ya Waziri ya mwaka 2009 iliugawa katika makundi matano kwa asilimia, kundi la kwanza likiwa la 90 hadi 100. Katika miaka ya karibuni Baraza limeanzisha uandikishaji wa kompyuta, unaotazama zaidi mtu anaweza kufanya nini katika maisha yake ya kila siku. Tatu ni kuifikisha hali ya kaya kwa kiongozi wa kijiji, kisha kwenye seli na sekta. Mzazi asiyejua pa kuanzia awaendee Marafiki wa Familia, mwanamume na mwanamke waliochaguliwa katika kila kijiji kuwatetea watoto.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, huwa ndani ya nyumba yenyewe. Wapo wazazi wanaomfungia mtoto chumbani kwa aibu. Hasara yake si fedha tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto Sebeya ukafurika na kuingia katika makazi ya watu wa Rubavu. Katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Katika usiku kama huo mwokoaji hupiga mbio kwenye nyumba anayojua kwamba ndani yake yumo asiyeweza kukimbia. Mtoto aliyefichwa hafahamiki wakati wa kugawa fedha, wala hafahamiki maji yanapopanda.

Hapa ndipo wajibu wa askari na polisi unapoonekana. Wao hujumuika na wananchi katika umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na neno lao husikilizwa. Kila mmoja aanze na nyumba yake, kisha ya jirani: mtoto ameandikishwa? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mzazi amtoe mtoto wake nje, jina lake liandikwe.