Mzee akishindwa na chemshabongo ya herufi

Huenda nyumbani kwako yuko mzee ambaye kila asubuhi hulichukua gazeti, akazipita kurasa za siasa na kwenda moja kwa moja kwenye chemshabongo. Anapewa herufi chache, tuseme O, P, S na T, naye anatakiwa kuunda maneno ya Kiingereza: "stop", "post", "spot", "pots", "tops". Akiwa mwalimu mstaafu, na hapa Nyeri tunao wengi, ataongeza "opts" kisha akuulize wewe ulisomea shule gani.

Mwalimu mmoja wa aina hiyo aliletwa kwangu na mkewe kutoka upande wa Othaya. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.) Mama huyo hakuniambia kwamba mumewe amekuwa msahaulifu. Alisema, "Daktari, siku hizi gazeti linabaki jinsi lilivyonunuliwa." Watoto wao walikuwa wamekata shauri kwamba ni uzee. Mwalimu mwenyewe alidai miwani imechakaa.

Nilimwambia, "Mwalimu, nitajie maneno yote ya Kiingereza unayoyakumbuka yanayoanza kwa F, ila si majina ya watu wala ya miji. Una dakika moja." Alianza vizuri: "farm", "father", "fire". Akanyamaza, akatazama dirishani. "Food," akasema, kisha "father" tena, halafu "four". Dakika ikaisha akiwa na maneno matano tu.

Huo si mchezo nilioubuni. Umo katika kipimo kiitwacho MoCA, ambacho Dkt Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal, Kanada, walikichapisha mwaka 2005. Anayefikisha maneno 11 au zaidi hupata alama. Kutafuta maneno kwa herufi ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa maana ubongo haukuyapanga maneno kwa alfabeti kama kamusi. Umeyapanga zaidi kwa maana: ng'ombe yuko karibu na maziwa na boma. Ukiambiwa utafute kwa herufi, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo hubuni njia, hukumbuka sheria na hukuzuia kurudia neno ulilokwisha kutaja.

Kisha nilimwomba Mwalimu anitajie wanyama. Hapo alitiririka, wa boma na wa msitu wa Aberdare. Tofauti hiyo ilinipa fununu. Katika ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingi majina ya wanyama ndiyo hupungua zaidi. Mtu akishindwa na herufi huku wanyama wakimjia, mimi huanza kuifikiria mishipa ya damu. Ni fununu tu, si hukumu. Lakini nilipompima presha nilikuta 190 kwa 110. Alikuwa ameacha dawa muda mrefu kwa sababu "alijisikia vizuri", maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno katika chumba changu. Picha ya kichwa ilionyesha alama za viharusi vidogo vidogo, ambavyo havikuwahi kumwangusha wala kumpindisha mdomo.

Hapa naomba tahadhari, kwa kuwa kipimo hiki kinaweza kumdhulumu mtu. Wakati mmoja aliletwa kwangu shosho mmoja ambaye mahali pengine alikuwa ameandikiwa kwamba akili yake imepungua. Alikuwa ameulizwa maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa F na S, naye alisoma madarasa mawili pekee. Alfabeti ya Kikuyu haina F wala S! Na nyuma ya barua ile kulikuwa na suala la shamba. Nilizungumza naye kwa Kikuyu, nikamwomba anitajie vyakula, wanyama na majirani wa kijijini, na kila nilipofikiri amemaliza aliongeza. Akili yake ilikuwa timamu. Hata Kiswahili hakikubali kipimo hiki vivyo hivyo: ukimpa mtu herufi M, ngeli zenyewe zitamsaidia, na mtoto wa darasa la pili atakutajia mtu, mti, mkono na mguu bila kupumua. Kwa hiyo ikiwa mzee wako anapimwa, uliza anapimwa kwa lugha gani. Unayo haki.

Upande wa pili, usidanganyike na ufundi wa herufi. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa, na Kifaransa hakijui. Alikuwa amekariri maneno. Ujuzi huo ni wa kipekee, na mtu anaweza kuwa nao ilhali mambo mengine yanaharibika.

Msomaji mmoja wa Nanyuki ananiuliza kama amnunulie baba yake vitabu vya chemshabongo ili asipate maradhi ya kusahau. Mnunulie, kama anavipenda. Ila utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliowahusu wazee 2,832, ulionyesha kwamba waliofunzwa kukumbuka walikuwa hodari wa kukumbuka, na waliofunzwa kutatua mafumbo walikuwa hodari wa mafumbo. Faida haikuhamia kwingine. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019 na wenye watu zaidi ya 9,000, uligundua kwamba kuishusha presha vilivyo kulipunguza idadi ya waliopata upungufu wa mwanzo wa akili. Kama pesa zinatosha kitu kimoja, basi nunua mashine ya kupimia presha.

Maneno yakipungua polepole, kwa miezi, mlete mzee kliniki pamoja na dawa zake zote, hata zile za kienyeji na za duka. Wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, huzuni kuu baada ya kufiwa, pombe, au damu iliyovuja polepole kichwani baada ya kuanguka. Lakini maneno yakipotea ghafla, kati ya chai na chakula cha mchana, hicho ni kiharusi hadi ithibitishwe vingine. Usimpe aspirini wala usimlaze apumzike. Mkimbize hospitali kubwa iliyo karibu na ukumbuke saa yalipoanza, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu.

Mwalimu anameza dawa zake sasa, na mkewe huandika presha yake kwenye daftari la mazoezi. Miezi minane baadaye nilimpa F tena. Alifikisha manane, akakasirika, na alipofika mlangoni akageuka: "Daktari, 'funeral'. Liandike hilo pia."

Nililiandika, ingawa dakika ilikuwa imepita.