Kivu: Kabla ya kumpa mtu mwenye ulemavu kiti, aulizwe anataka kuishi namna gani

Kila tarehe 3 mwezi wa 12, siku ya kimataifa ya watu wanaoishi na ulemavu, picha za Goma na Bukavu hufanana: mabango, hotuba za wakubwa, kisha viti vya magurudumu na magongo vinakabidhiwa mbele ya kamera. Kesho yake kiti kinafika Kadutu, kwenye nyumba iliyo juu ya mlima, ambako njia ni ngazi za udongo. Au kinafika Ndosho, juu ya mawe makali ya volkeno. Baada ya miezi michache, wamama wanaanikia nguo juu yake.

Kiti chenyewe hakina kosa. Shida ni kwamba kimetolewa bila mtu kumuuliza mwenyewe analala wapi, choo kiko umbali gani, anataka kwenda wapi asubuhi, na nani atakuwa karibu naye njiani. Maswali hayo ndiyo mwanzo wa huduma inayomwanza mtu mwenyewe, na katika mitaa mingi ya Kivu bado hayajaulizwa.

Wanaofahamu vizuri jambo hili ni wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovuka Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi. Kinga ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa mikono, wao wameigeuza kuwa chombo cha mizigo, na vijana wanaisukuma kwa nyuma wapate chochote. Wazo hilo halikutoka ofisini. Walitaka kazi, wakatengeneza msaada unaolingana na kazi hiyo.

Kwenye karatasi, Congo haiko nyuma. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee kufuatana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Mwaka wa 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinampa kila mmoja haki ya kuishi kati ya watu wengine na kuchagua atakaa wapi na pamoja na nani. Tangu 2019 serikali ya Kinshasa ina waziri mjumbe anayeshughulika na watu hawa, na tarehe 3 mwezi wa 5, 2022, ikatiwa sahihi sheria nambari 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Lakini hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa nchi ilifanyika mwaka wa 1984. Ni vigumu kupangia bajeti watu ambao hata idadi yao haijulikani.

Kwa miaka mingi mzigo ulibebwa na vituo. Goma kuna Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, na maelfu ya familia wanajua kazi yao: miguu ya bandia, mazoezi ya viungo, masomo. Kituo kinafanya yale ambayo mtaa hauwezi. Lakini mtoto anayetoka huko akiwa amejifunza kutembea na magongo anarudi kwenye nyumba ile ile, kwa majirani wale wale, na hapo ndipo maisha yake yanaamuliwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo wake mwaka wa 2010 kuhusu kazi ya namna hiyo katika jamii. Unagusa afya, masomo, riziki, maisha kati ya watu, na uwezo wa mtu kujisemea. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 20 wa mtaa wa Karisimbi, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utoto. Familia inaomba apokelewe kituoni, maana mama amechoka. Akiulizwa mwenyewe, anaweza kusema kwamba anataka kumaliza kujifunza ushonaji, na kwamba hataki tena kubebwa mgongoni na kaka yake mbele ya watu. Hapo mpango unabadilika kabisa. Kinachohitajika ni mlango wa choo upanuliwe na pawekwe mti wa kushikilia. Vijana wa avenyu wapange mawe ya njia siku ya salongo, motari mmoja akubaliane naye bei ya mwezi, na kikundi cha akiba, AVEC, kimpokee kama mwanachama wa kawaida, bila kumfanya mtu wa kuhurumiwa. Gharama yake ni ndogo. Lakini lazima mtu akae chini amsikilize, arudi baada ya mwezi, aone ni nini kimeshindikana.

Kwa wenye ugonjwa wa akili, jambo ni gumu zaidi. Sosame kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma wanatibu, mgonjwa anatulia, anarudi nyumbani. Kisha dawa inaisha, au majirani wanaanza kumwita mchawi, na familia inampeleka chumba cha maombi. Mtu mmoja wa mtaa anayejua tarehe ya dawa yake, na ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, anaweza kuzuia safari nyingine ya kituoni.

Neno "jamii" nalo lina mtego wake. Mara nyingi likisemwa, maana yake ni mama, au dada mkubwa aliyeacha masomo ili kumuosha na kumlisha ndugu yake. Uswidi, tangu 1994, sheria inampa mwenye ulemavu mkubwa haki ya kupata msaidizi anayelipwa, na yeye mwenyewe anamchagua. Majimbo ya Kivu hayana feza hizo. Hata hivyo kanuni ile haigharimu kitu: mwenye kusaidiwa achague, na anayesaidia asiachwe peke yake. Kubadilishana zamu kati ya nyumba tatu, masaa mawili mawili, kunaweza kumrudisha dada huyo darasani.

Vita imeongeza uharaka. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukasimama, kambi za wakimbizi kando ya mji zikabomolewa. Kwa asiyetembea, asiyeona au asiyesikia, kukimbia ni swali la nani atamshika mkono. Goma ililiona hilo hata kabla ya vita hii. Tarehe 27 mwezi wa 5, 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Amri ilipita redioni, kiziwi asiye na jirani wa kumfasiria akabaki anaona watu wanafunga magodoro bila kujua sababu.

Ndiyo maana kila nyumba kumi zinahitaji kujua mapema: nani anahitaji kubebwa na anakubali kubebwa na nani, nani lazima aonyeshwe kwa lugha ya ishara, nani hawezi kuacha dawa zake nyuma. Kwa kuanza, daftari moja linatosha, na mkuu wa nyumba kumi anayekubali kubisha hodi hata pale ambapo familia, kwa aibu, inajibu kwamba humo ndani hakuna mlemavu.