Michezo mitatu kwa mpigo: Jipime na jua na maji kwanza

UKIPITA ufuo wa Pirates kule Kisauni alfajiri ya Jumapili, si ajabu kuwakuta vijana wakiogelea, wengine wakikimbia mchangani na wengine wakipita barabarani kwa baiskeli. Je, umewahi kuwaza kwamba mambo hayo matatu yakiunganishwa huwa mchezo mmoja?

Mchezo huo huitwa traiathloni. Mshindani huogelea, akatoka majini akapanda baiskeli, kisha akamaliza kwa mbio, bila saa kusimamishwa. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, Australia, ambapo washindani huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Anayeanza hushauriwa achague masafa ya nusu ya hayo: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio.

Vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana bahari mlangoni. Hata hivyo, nguvu za ujana pekee hazitoshi. Pwani kuna wapinzani wawili wasiojua huruma: jua na maji.

Tukumbuke yaliyotokea Machi 24, 2007, Mombasa ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa gofu. Joto na unyevu wa alasiri viliwaangusha wengi. Muethiopia Kenenisa Bekele, aliyekuwa ametwaa taji la masafa marefu miaka mitano mfululizo, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho, na ushindi ukamwendea Zersenay Tadese wa Eritrea. Ikiwa bingwa kama huyo alishindwa na joto letu, sembuse mwanafunzi aliyeanza mazoezi juzi?

Basi mazoezi yaanzeje? Jipe wiki 10 hadi 12. Kila mchezo upate siku mbili kwa wiki, nawe upumzike siku moja kamili. Usiongeze masafa kwa pupa. Sehemu moja ya kumi kila wiki yatosha. Bandu bandu huisha gogo. Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli na uanze kukimbia papo hapo, hata kwa dakika 10 tu. Mwanzoni miguu itakuwa mizito kama magogo, lakini itazoea.

Kuhusu maji, waulize wavuvi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo bahari aghalabu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Anayeingia saa kumi na mbili huyakuta maji yakitoka kwa kasi, nayo huvuta kuelekea mlango wa mwamba. Kwa anayejifunza, siku za maji mafu ndizo bora.

Ogelea sambamba na ufuo, ndani ya mwamba, wala usiogelee peke yako. Mkondo ukikuvuta usishindane nao. Ogelea kwa upande hadi utoke, kisha urudi pwani. Vijana wa Likoni watumie ufuo wa Shelly, wala wasithubutu kuogelea kwenye kivuko cha feri, kwani meli kubwa hupita hapo na mkondo wake ni mkali. Mabinti wanaopenda stara wanaweza kuvaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, mradi kitambaa kisinyonye maji na kuwa kizito.

Kwa baiskeli, wa Changamwe waepuke barabara za malori ya bandarini. Afadhali kutafuta barabara tulivu Jumapili asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Si lazima baiskeli ya bei ghali. Muhimu ni breki zinazoshika, magurudumu yaliyojaa upepo na kofia ngumu. Katika mashindano, kofia hufungwa kabla hujaigusa baiskeli, la sivyo utaadhibiwa.

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Ongeza muda wa juani polepole, na unywe maji kulingana na kiu. Kujaza tumbo maji matupu kupita kiasi kwaweza kupunguza chumvi mwilini hadi ukaugua. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ilhali jua ni kali, simama mara moja. Mwenzako akianza kuropoka au kupepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima na umkimbize hospitali. Joto la mwili likipita nyuzi 40 laweza kuua.

Wiki mbili za mwisho punguza mazoezi ili mwili upate nguvu. Usiku wa kuamkia mashindano, panga vitu vyako kwa utaratibu utakaovitumia: kofia, viatu, chupa ya maji. Asubuhi kula chakula ulichozoea, kama uji na ndizi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Viazi karai na mahamri ya mafuta vingoje hadi umalize. Siku hiyo usijaribu kitu kipya, kiwe kiatu au kinywaji.

Nanyi wazazi, msimkataze mtoto kwa hofu wala kumwachilia kwa kutojali. Mwulizeni anaogelea wapi, saa ngapi na nani. Ikiwezekana, mmoja wenu akae ufuoni akimtazama. Huo ni msaada mkubwa kuliko kununua baiskeli mpya.

Medali ni nzuri, lakini kurudi nyumbani salama ni bora zaidi. Mwenda pole hajikwai.