Mvumo katika Amplifaya ya Gitaa: Kutafuta Chimbuko Lake bila Kuhatarisha Maisha

Bendi ya muziki wa dansi inapofunga vyombo vyake ukumbini, mara nyingi sauti ya kwanza kutoka katika spika si ya wimbo, bali ni mvumo. Fundi asiye na subira hukata waya wa ardhi katika plagi ya miguu mitatu, na pengine mvumo hukoma. Tiba hiyo ni ya hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Mvumo una chimbuko lake, nalo laweza kutafutwa kwa utaratibu.

Umeme unaosambazwa katika Afrika Mashariki ni mkondo geu, yaani mkondo ubadilishao mwelekeo wake, nao hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, au hezi 50. Ndani ya amplifaya, daiodi huugeuza uelekee upande mmoja tu, na kwa kawaida hutokea mawimbi 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa huyasawazisha mawimbi hayo, kama tangi lisawazishavyo maji yajayo kwa vipindi. Kapasita za elektroliti hukauka kadiri miaka ipitavyo. Hapo mawimbi hupenya na kusikika.

Kwa hiyo sikio ni kipimo cha kwanza. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa, ukibanwa kwenye freti ya tatu, hutoa noti ya hezi 98 hivi. Mvumo unaokaribiana na noti hiyo huelekeza shaka kwenye kapasita. Mvumo ulio chini yake kwa oktavi moja ni wa hezi 50, na aghalabu huingia kutoka nje ya sehemu hiyo. Mlio mkali, mfano wa nyuki aliyenaswa katika chupa, mara nyingi hutokana na taa za mirija au swichi za kupunguzia mwanga.

Hatua ya pili ni kuugawa mfumo. Kirungu cha sauti kishushwe hadi sifuri. Mvumo usipobadilika, chimbuko liko mbele ya kirungu hicho au katika sehemu ya kugawia umeme. Ukitoweka, waya wa gitaa uchomolewe kwenye amplifaya na sauti ipandishwe tena. Kukiwa kimya, kosa liko katika gitaa, katika waya wake au katika mazingira yake.

Hapo mpigaji na ageuke polepole akiwa na gitaa lake. Mvumo ukipanda na kushuka kwa kufuata mwelekeo, koili iliyo chini ya nyuzi inanasa uga wa sumaku, labda wa transfoma iliyo karibu. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliomba hataza ya ufumbuzi wake: koili mbili zilizounganishwa kwa namna ambayo mivumo yake hubatilishana, ilhali mitetemo ya nyuzi hujumlishana.

Vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti, huku kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ardhini, hufanya duara ambamo mkondo mdogo huzunguka na kuvuma. Mara nyingi yatosha kuvichomeka vyote kwenye soketi za sehemu moja. Isipotosha, hutumika transfoma ya kutenganisha katika njia ya sauti, si katika waya wa ardhi.

Waya huo ndio mlinzi. Waya wenye umeme ukigusa bati la amplifaya, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Mlinzi huyo akiondolewa, bati hubaki na umeme, pamoja na nyuzi za gitaa zilizounganishwa nalo, zikimngoja mpigaji aguse maikrofoni. Mwaka 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifariki jukwaani kwa kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni.

Uchunguzi wa ndani ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Amplifaya ya valvu huweza kuwa na volti 400 au zaidi, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mvumo humkera msikilizaji. Haustahili kugharimu uhai wa mwanamuziki.